Ulizeni habari za mwaka wa kumi: upasuaji wa kupunguza tumbo kwa wenye kisukari

Hii ni hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya wagonjwa wa kisukari, jamaa zao na wahudumu wa afya ya jamii. Tumeiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Wazee wetu, akina mama, vijana, wauguzi, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Nyalenda, Ahero, Maseno na hata Luanda na Mbale: oyawore. Mulembe pia. Jua la Kisumu halina subira, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Kuna swali ambalo kila mwenye kisukari na mwili mzito huuliza akisikia habari za upasuaji huu: nikifanyiwa, sukari itaisha? Atakayekujibu "ndiyo" harakaharaka ana kitu anakuuzia. Atakayekujibu "achana na hayo, ni mambo ya matajiri" hajasoma. Jibu la haki linategemea umekuja mapema kiasi gani, na unaulizia mwaka gani. Mwezi wa sita karibu kila mtu anapendeza. Zile picha za kabla na baada mnazotumiana kwenye simu, nyingi ni za mwezi wa sita au mwaka wa kwanza. Leo nataka tuulize habari za mwaka wa kumi.

Kwanza tuelewane. Hatuzungumzii kufyonza mafuta ya tumbo. Kufyonza mafuta hubadilisha umbo, hakutibu kisukari. Upasuaji tunaousema uko wa namna mbili kuu, na kwa kawaida zote mbili hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo. Ya kwanza ni slivu. Daktari hupitisha mpira mdomoni hadi tumboni uwe kipimo, kisha hukata na kushona kwa stepla kando ya mpira huo. Robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula hutolewa nje kabisa, na kinachobaki ni mfereji wa kubeba mililita 100 hadi 150. Kilichotolewa hakirudi. Ya pili ni baipasi. Juu kabisa ya tumbo hutengwa kifuko cha mililita 15 hadi 30, utumbo mwembamba unakatwa, na ncha yake ya chini inavutwa juu kuungwa na kifuko hicho. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo, kisha hukutana na nyongo na maji ya kongosho mbele zaidi, kama mita moja hivi.

Nani anafaa? Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 104 mwenye urefu wa mita 1.62 anapata 39.6. Hiyo ndiyo BMI. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa mwingine kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS na IFSO, vilishusha kizingiti: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa mwenye kisukari aina ya pili. Nimesema aina ya pili. Mtoto au kijana mwenye aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini, upasuaji huu hautamwondoa kwenye sindano.

Sasa nisikilizeni habari ya mji wa Greenville, North Carolina. Daktari Walter Pories na wenzake walikuwa wakifanya baipasi kwa sababu ya unene. Lakini kwa wagonjwa wenye kisukari waliona jambo ambalo hawakulitarajia: sukari ilishuka ndani ya siku chache, wakati mwili bado ni ule ule mzito. Mwaka 1995 walitoa hesabu. Kati ya wagonjwa 146 wenye kisukari aina ya pili, 121 walirudi kwenye sukari ya kawaida na kukaa hapo.

Siku chache! Uzito haujaisha, sasa sukari imekwenda wapi? Mtu akila kidogo sana kwa siku kadhaa, ini huanza kutoa mafuta lililoyabeba, na likishayatoa huacha kumwaga sukari ovyo usiku. Pia chakula kikifika haraka kwenye utumbo wa chini huamsha homoni iitwayo GLP-1, inayoliambia kongosho litoe insulini. Sindano za siku hizi za kupunguza uzito, semaglutide na nyingine kama hizo, huiga homoni hiyo hiyo. Na kwenye slivu, sehemu ya tumbo inayotolewa ndiyo inayotengeneza grelini kwa wingi, homoni ya njaa.

Mnaona hatari iko wapi? Iko kwenye mfuko wa dawa aliouacha nyumbani. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali, akarudia insulini ya kipimo cha zamani na kidonge cha glibenklamaidi, huku anakunywa uji vijiko vitatu, sukari itashuka hadi azimie. Glibenklamaidi na vidonge vya jamii yake husimamishwa. Insulini hupunguzwa sana, kisha hurekebishwa kwa kupima kidoleni kila siku. Metformini mara nyingi huendelea, lakini kile kidonge cha kawaida ambacho kinaweza kupondwa, si kile cha kutoa dawa polepole. Wanaotumia empagliflozini au dapagliflozini, vidonge vingine vya kisukari, huiacha siku 3 kabla ya kisu, kwa sababu mtu anayefunga akiwa na dawa hiyo anaweza kupata asidi kwenye damu hata kama mashine ya kidole inaonyesha sukari nzuri. Dawa za presha zile za kukojoza nazo ziangaliwe upya. Mtu anayekunywa maji kidogo hivyo hahitaji kukaushwa zaidi.

Haya, mwaka wa kumi sasa.

Twende Sweden. Kuanzia 1987 walifuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 wanene kama wao ambao hawakufanyiwa. Miongoni mwa wenye kisukari waliopasuliwa, baada ya miaka 2 kisukari kilikuwa kimetulia, yaani sukari ya kawaida bila dawa, kwa watu 72 katika kila 100. Baada ya miaka 15? Watu 30 katika kila 100.

Nasikia minong'ono kule nyuma. "Sasa faida iko wapi?" Subirini. Wale ambao hawakupasuliwa walikuwa 16 katika 100 mwaka wa pili, na mwaka wa kumi na tano hawakufika hata 7. Halafu kuna macho, figo na mishipa ya fahamu, vitu ambavyo ndivyo vinavyotuogopesha hapa. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, madhara hayo yaliwapata kama 42 wasiopasuliwa na kama 21 waliopasuliwa. Nusu. Na kumbukeni wengi wa Waswidi hao walifanyiwa upasuaji wa kizamani wa kufunga tumbo kwa ukanda au kulishona, si baipasi.

Walioifanya baipasi walikuwaje? Cleveland, Marekani, waliwagawa kwa kura watu 150. Baada ya miaka 5, HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kilikuwa 6.0 au chini kwa watu 5 katika 100 waliotumia dawa peke yake, 23 wa slivu, na 29 wa baipasi. Roma, Italia, kundi la Profesa Geltrude Mingrone lilikwenda hadi mwaka wa kumi wenyewe. Lilikuwa kundi dogo la watu 60, wengine wa dawa, wengine wa baipasi, wengine wa upasuaji mkubwa zaidi ambao hufanywa kwa nadra. Wa baipasi ambao sukari yao ilitulia walikuwa 75 katika 100 mwaka wa pili, wakabaki 25 katika 100 mwaka wa kumi. Ukichukua pamoja wote 34 waliopasuliwa ambao sukari ilikuwa imetulia mwaka wa pili, kwa 20 ilirudi. Lakini ilirudi vipi? Wastani wa HbA1c yao ulikuwa 6.7. Ni wangapi kati yetu hapa ukumbini wenye 6.7 leo? Inueni mikono. Mnaona wenyewe.

Kwa hivyo sukari inaweza kurudi, na ikirudi mara nyingi huja na upole. Anayerudishiwa sukari haraka ni nani? Ni yule aliyekuja kongosho likiwa limechoka. Pale Geisinger, Pennsylvania, walitengeneza alama za kukisia baada ya baipasi, kuanzia 0 hadi 22, na kadiri alama zinavyopanda matumaini hushuka. Umri chini ya miaka 40 ni 0, na 60 kwenda juu ni 3. HbA1c ya 7 hadi 8.9 ni 4, na 9 au zaidi ni 6. Ukitumia insulini, hiyo peke yake ni 10.

Tuchukue watu wawili wa kubuni. Kijana wa miaka 38, dereva wa matatu ya Kisumu–Busia, anatumia metformini tu na HbA1c yake ni 8. Ana alama 4. Katika kundi lake sukari hutulia kwa watu 64 hadi 88 katika 100. Halafu bibi wa miaka 61, anachoma insulini, HbA1c 9.5. Ana 19. Kundi lake ni watu 2 hadi 16 katika 100. Je, bibi huyo anyimwe? Hapana. Insulini yake inaweza kupungua sana, magoti yakapumzika, na usingizi wa kukoroma na kukatika pumzi ukatengemaa. Ila aambiwe ukweli kabla ya kuuza ng'ombe.

Naye yule kijana ajue kwamba kisu si njia pekee. Uingereza, jaribio la DiRECT liliwapa watu wenye kisukari cha chini ya miaka 6, wasiotumia insulini, chakula cha kunywa cha kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka mmoja sukari ilikuwa imetulia kwa 46 katika 100. Kuilinda miaka mingi ni kazi nyingine, lakini pa kuanzia pako.

Na kufa je? Najua mnalifikiria hili na mnaona haya kuuliza. Katika hospitali 10 za Marekani zenye uzoefu, wagonjwa 4,776 walifuatiliwa siku 30 baada ya upasuaji wa kwanza. Waliofariki walikuwa kama 3 katika kila 1,000. Hao ni wa hospitali zenye uzoefu, kwa hivyo ulizeni daktari amefanya mangapi na anafanya mangapi kwa mwaka.

Sasa nageukia wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, maana hili linawahusu kuliko daktari wa kisu. Mgonjwa anapasuliwa Nairobi au Eldoret, au ng'ambo kabisa India, siku ya tano yuko nyumbani Siaya. Siku ya saba ana homa. Sisi wa kanda ya ziwa tukisikia homa tunasema nini? Malaria! Mpimeni malaria, sawa, lakini mshikeni mkono kwanza. Vidole viwili kwenye kifundo chini ya dole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha mara 2. Ndani ya siku 10 za mwanzo, mapigo ya 120 au zaidi, au maumivu ya bega la kushoto, au pumzi fupi, chukulieni kwamba mshono unavuja mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo. Tumbo lake linaweza kuwa laini kabisa mkilibonyeza. Msidanganyike. Hata kama kipimo cha malaria kina mstari, rufaa ni usiku huo huo. Pumzi fupi inaweza pia kuwa damu iliyoganda na kwenda mapafuni, ambayo nayo haingoji asubuhi.

La pili ni matapishi. Mtu ambaye baada ya upasuaji huu ametapika kwa muda wa wiki mbili, chukulieni kwamba ameishiwa vitamini B1, kwa sababu mwili hauna akiba kubwa ya hiyo. Anafika zahanati amelegea, na mkono wetu unakwenda wapi? Kwenye dripu ya glukosi. Hapo ndipo ubongo unapoharibika. Sukari ikiingia bila B1, mgonjwa huanza kuchezacheza macho, kupepesuka na kuchanganyikiwa, na wengine kumbukumbu hairudi tena. Mpeni B1 kwanza kwa mshipa, angalau miligramu 100, na akiwa tayari na dalili hizo anahitaji dozi kubwa zaidi kwa siku kadhaa. Dripu ya kuanzia iwe ya chumvi. Andikeni hilo kwenye karatasi, mbandike ukutani.

La tatu ni dawa za maumivu. Aliyefanyiwa baipasi asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, ya kumeza wala ya sindano, kwa sababu hutoboa vidonda pale kifuko kinapoungana na utumbo. Sigara nazo hufanya hivyo hivyo. Apewe paracetamol. Kemisti wa mtaani hawezi kulijua hilo kama mgonjwa mwenyewe hasemi. Na aliyefanyiwa baipasi miaka mitatu iliyopita, akapungua vizuri, akaja na maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kwenda baada ya kula, huenda utumbo umejipenyeza kwenye nafasi iliyobaki ndani na kujinyonga. Hata picha ya skana inaweza kuonekana safi. Ni wa kupelekwa kwa daktari wa upasuaji, asitulizwe kwa dawa za vidonda vya tumbo.

Chakula, akina mama mlikuwa mnakingoja. Wiki mbili kabla ya kisu mgonjwa hula kidogo sana, kalori 800 hadi 1,000, ili ini lisinyae na lisimzibie daktari njia. Baada ya kisu, siku za kwanza ni maji, mafunda ya mililita 30, yaani kile kikombe cha plastiki kinachokuja na chupa ya dawa ya kikohozi. Hadi wiki ya pili: maziwa, mala, uji mwepesi uliochujwa, mchuzi wa samaki usio na mwiba. Wiki ya tatu na ya nne ni vilivyosagwa, na hapa sisi watu wa ziwa tumebarikiwa. Omena! Zioshwe kwa maji moto mara mbili mchanga utoke, zitolewe vichwa, zichemshwe mpaka zilainike kabisa, zisagwe na supu yake kwa blenda, kisha zipitishwe kwenye chujio la chai. Omena iliyokauka, karibu nusu ya uzito wake ni protini, na mifupa yake midogo ina kalsiamu. Mgonjwa anahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, na yai moja lina 6 tu, kwa hivyo anza na protini kila mlo. Ugali mgumu uje mwisho, baada ya mwezi wa pili, tonge la ncha ya dole gumba, litafunwe mpaka liwe uji mdomoni. Ukimeza kama zamani litakwama, utatoa jasho na kutema mate hadi litoke. Usinywe chochote pamoja na chakula, ngoja nusu saa. Na soda? Kwa mtu wa baipasi chupa moja inaweza kumlaza chini, moyo ukidunda na tumbo likisokota.

Vitamini ni za maisha. Sisemi miezi sita, nasema maisha. Vitamini kamili ya kila siku. B12, kidonge cha mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku au sindano ya 1,000 kila mwezi. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa, pamoja na vitamini D. Madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. Chuma na kalsiamu zipishane saa mbili, na chuma kisimezwe na chai. Wanaotumia TLD, kile kidonge cha VVU: dolutegraviri iliyomo hushikana na chuma na kalsiamu tumboni, hivyo mezeni TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, na mwambieni wa kliniki ya dawa kwamba mmepasuliwa. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka.

Harambee zetu ndizo zinazonisumbua. Tunachanga pesa za kisu, tunapiga makofi, bajeti imefungwa. Nani amechanga pesa za vitamini za mwaka wa nne? Nani amechanga nauli ya kwenda kupimwa damu? Mwanamke aliyeacha chuma na B12 huja kliniki mwaka wa tano damu imekwisha, miguu inakufa ganzi, na jirani wanasema ni kisukari kimerudi. Kamati ya harambee, andikeni mstari huo kwenye bajeti.

Wasichana na akina mama wa kuzaa, uzito ukishuka mimba huingia kwa urahisi, hata kwa waliokuwa wameambiwa hawazai. Ngojeni miezi 12 hadi 18. Vidonge vya kupanga uzazi havitegemeki baada ya baipasi, chagueni koili au kipandikizi cha mkononi.

Slivu au baipasi? Kwa mwenye kiungulia kikali nachagua baipasi. Uswisi walifuatilia miaka 5: kiungulia kilizidi kwa karibu mtu 1 katika 3 wa slivu, na 1 katika 16 wa baipasi.

Bado moja, zito kidogo. Utah, Marekani, mwaka 2007 walilinganisha watu 7,925 waliofanyiwa baipasi na wanene wengine idadi hiyo hiyo ambao hawakupasuliwa. Vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 40, na vya kisukari kwa asilimia 92. Asilimia 92! Lakini vifo visivyo vya magonjwa, ajali na kujiua vikiwemo, vilikuwa asilimia 58 zaidi kwa waliopasuliwa. Baada ya baipasi pombe hufika kwenye damu haraka na kwa ukali. Glasi moja ya chang'aa si glasi moja tena. Na aliyekuwa akituliza huzuni kwa chakula, chakula kimeondolewa, huzuni imebaki. Mume, mke, dada, mkiona amejitenga au ameanza kunywa, msingoje siku ya kliniki.

Kuhusu malipo, kabla ya kuweka tarehe ulizeni SHA, ile bima ya afya ya serikali, au bima yenu, jibu liwe la maandishi, likitaja aina ya upasuaji. Ulizeni pia hospitali nani atawaona mwaka wa pili na wa tatu, na mkipata shida saa nane za usiku mtapiga nambari gani.

Nakaa hapa kwa maswali. Waliokwisha kupasuliwa, njooni meza ya mbele na mifuko yenu ya dawa, tuangalie kidonge kimoja kimoja. Wauguzi, karatasi za B1 za kubandika ukutani ziko mlangoni.